Ufa wa Fuwele

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi mmoja wa kemia, mzaliwa wa mtaa wa Kongo, Kawangware, jijini Nairobi, aliuonja ukweli wa methali hiyo jioni moja alipojaribu kumweleza mamake anachokisomea.

Alianza na historia. Mnamo mwaka wa 1839, Gustav Rose alichunguza jiwe kutoka milima ya Ural, likapewa jina la Mrusi Lev Perovski. Hadi leo, fuwele zenye mpangilio kama wa jiwe hilo huitwa perovskiti. Mwaka wa 2015, watafiti wa Zurich, Uswisi, walipika nanofuwele za aina hiyo kwa sesiamu, risasi na bromini: chembe zenye upana wa nanomita chache tu, zing'aazo rangi ya kijani zinapomulikwa.

"Kasoro yake, Mama, ni kwamba mwanga uo huo unaozing'arisha ndio unaoziharibu."

Mama hakushangaa. Aliinyoshea kidole leso iliyokuwa kambani. "Jua hula rangi, mwanangu. Ndiyo maana mimi huigeuza nikaianika upande wa ndani."

Kijana akatabasamu, kisha akaendelea. Kila nanofuwele huvikwa molekuli za mafuta. Molekuli hizo hushika kwa ulegevu. Mwanga na unyevu vikizipata, hubanduka na kuacha nyufa. Hapo fuwele hukaribiana, huungana, na mng'ao hufifia. Dawa yake imo katika upishi wenyewe. Mkemia huteua molekuli zinazoshika kama kwa mikono miwili, mmoja wenye chaji chanya na mwingine wenye chaji hasi. Au huongeza bromini ijaze mapengo. Au huifunika fuwele kwa silika, kitu kile kile kilichomo mchangani. Naam, ufa huzibwa chunguni, haungojewi sahanini.

"Na ikichakaa," mama akauliza, "hiyo risasi huenda wapi?"

Kijana alinyamaza. Alikumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi, hata mwaka wa 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi ya bunduki huja na mlio. Hii huingia kimya kimya katika damu ya mtoto. Alitazama mtaro uliopita mlangoni pao, ambamo watoto wa jirani walikuwa wakielea vijiti. Taa iliyokufa hutupwa wapi Kongo, kama si humo?

Alirudi chuoni na swali ambalo halikuwamo katika daftari lake. Hadi siku hiyo, uthabiti kwake ulikuwa muda ambao fuwele huendelea kung'aa. Sasa ulikuwa pia muda ambao fuwele huweza kuizuia sumu yake isitoke. Kipimo cha kwanza alifundishwa na wahadhiri. Cha pili alikipata kwa mama, chini ya leso iliyoanikwa kwa ndani.