Omihachiman, Mji wa Wauza Vyandarua

Kutoka Kyoto hadi Omihachiman ni mwendo wa gari la moshi usiotimia saa moja. Mji uliasisiwa mwaka 1585 na Toyotomi Hidetsugu, aliyechimbisha mfereji wa kuleta vyombo kutoka ziwa Biwa. Ngome yake iliachwa mwaka 1595, mfereji ungalipo.

Uzuri wa mji umo katika nyumba za wafanyabiashara, za mbao zilizopiga weusi, misonobari ikichungulia juu ya kuta. Wenyewe walitoka na mizega mabegani, wakauza vyandarua na mikeka katika miji ya mbali, miezi kwa miezi. Nyumbani mke ndiye aliyeendesha mambo na kuwafunza adabu vijana wa dukani. Wageni huonyeshwa mzega kwa fahari. Habari za mwenye nyumba huyu, ambaye pasipo yeye hapakuwa na duka, sharti uziulize. Wake wa manahodha wetu wangemfahamu bila mkalimani.

Nyama ya ng'ombe wa Omi yasifika mno. Sikuionja, kwani machinjo yake si yetu, tende zilinitosha. Adhuhuri na Alasiri nilizikusanya kando ya mfereji. Mzee aliyekuwa akifagia majani aliuweka chini ufagio wake mpaka nilipotoa salamu.