Usiku Niliokosa Pumzi

Wazee wetu walisema, "Mficha maradhi, kilio kitamfichua." Methali hii niliisoma tangu shule ya msingi, nikaitungia sentensi na kupata alama zangu, lakini maana yake hasa niliijua usiku mmoja wa Julai 2024, humu humu bwenini, nilipokuwa nimeketi gizani nikitafuta pumzi nisiipate. Nimemwomba Mhariri nafasi kidogo niwasimulie wenzangu habari hiyo, maana najua si mimi peke yangu mwenye ugonjwa huu.

Mimi nina pumu tangu umri wa miaka mitano. Kwetu ni Iringa, katika nyumba ya bibi yangu, ambamo jiko la kuni li karibu na chumba cha kulala, na moshi wake hauna njia ila kupita kwetu. Kila majira ya baridi yalipoingia, kifua kilinibana usiku. Bibi aliamka, akaniketisha, akaniegemeza kifuani pake na kuniambia, "Pumua taratibu, mume wangu, hakuna anayekufukuza." Majirani wengine walisema nakabwa na jinamizi, na wako waliotaka nichanjwe chale. Lakini mama alinipeleka hospitali, nikapewa vichupa viwili vya dawa ya kuvuta: kimoja cha buluu, cha kufungua kifua kinapobana; na kingine cha rangi ya kahawia, cha kuvuta kila siku asubuhi na jioni, kifua kibane kisibane.

Nilipochaguliwa kuja Kidato cha Kwanza hapa Mbeya nilifurahi mno. Toka Iringa hadi hapa ni zaidi ya kilometa 300 kwa basi, kwa njia ya Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala, na safari nzima nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: huko niendako hapana anijuaye. Katika shule ya msingi wenzangu walikataa kunywea kikombe changu, wakidhani pumu huambukiza, nayo haiambukizi kamwe. Tena nilipenda mbio, nikatamani siku moja kukimbia katika mashindano ya UMISSETA. Nikaona kwamba nikitangaza ugonjwa wangu nitaambiwa nikae chini ya mti nitunze viatu vya wenzangu. Basi nikavitia vichupa vyangu chini kabisa ya sanduku la bati, nikafunga kufuli, na ufunguo nikautia mfukoni. Nilikuwa nikivuta dawa kwa siri, wenzangu wakiwa uwanjani.

Kwa hila hiyo nilimaliza Kidato cha Kwanza salama, na cha Pili pia. Lakini katika likizo ya Juni 2024 kile kichupa cha kahawia kiliisha. Mama alikuwa amekwisha tumia fedha zake kwa mahitaji yangu ya shule, nami nikaona haya kumwambia. Nikajisemea, "Cha buluu kipo, chanitosha." Nikarudi shule.

Wote tulio hapa twaijua baridi ya Mbeya. Mji wetu uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai upepo ukishuka kutoka mlima Loleza, hata mtu mzima wa afya hujikunyata. Wiki ya kwanza niliamka usiku mara moja kwa kukohoa. Wiki ya pili niliamka kila usiku, kati ya saa tisa na saa kumi. Nilikuwa nikitoka polepole kwenda kukohoa chooni, nisisikiwe na mtu, kisha narudi kulala. Asubuhi nilikuwa mzima, nikacheza na kucheka kama wengine, na kwa sababu hiyo nikaudharau usiku.

Hata usiku ule ukafika. Niliamka nikaona kama mtu amenifunga kamba kifuani na anaivuta. Hewa ilikuwa ikiingia kidogo, na kutoka ilikataa. Kifua kilipiga filimbi. Nikatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo, nikakumbuka kwamba suruali yangu nilikuwa nimeifua jioni, nayo imeanikwa kambani nje, na ufunguo umo mfukoni mwake. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nilitaka kuita, sauti haikutoka, maana sauti nayo yahitaji pumzi. Hapo nikaingiwa na hofu ambayo sijapata kuiona, na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kuhema, na kadiri nilivyohema ndivyo kamba ilivyokaza.

Kitu kimoja tu niliweza kufanya: nikapiga teke chuma cha kitanda. Rafiki yangu alalaye kitanda cha juu aliinamisha kichwa akauliza, "Ndugu, vipi?" Nikamwonyesha sanduku kwa kidole. Akaniuliza, "Ufunguo uko wapi?" Sikuweza kumjibu. Yule kijana hakungoja jibu. Alikwenda mlangoni, akalileta lile jiwe la kuzuilia mlango, akapiga kufuli mara tatu, nne, mpaka likavunjika. Bweni zima likaamka. Akapata kichupa cha buluu, nami nikavuta. Lakini dawa ilikuwa karibu kwisha, maana nilikuwa nimeitumia kila siku kwa majuma mawili.

Baada ya muda kidogo filimbi ya kifuani ikanyamaza. Wenzangu wakasema, "Afadhali, anapata nafuu." Lakini mimi sikuona nafuu yoyote, bali naishiwa nguvu. Kiranja alikwisha kimbia kumwita patroni, naye alipofika alimulika midomo yangu kwa taa, akasema, "Kijana huyu apelekwe hospitali sasa hivi." Nikatiwa katika gari. Huko nikavishwa kifuniko cha puani na mdomoni, nikavutishwa hewa ya oksijeni na mvuke wa dawa, na kulipopambazuka niliweza kusema sentensi nzima bila kukata.

Tabibu aliyenitibu aliketi kitandani pangu, akanifundisha mambo ambayo yafaa kila mmoja wetu ayajue. Alisema kuwa kwa mwenye pumu kuta za mirija ya hewa huvimba, misuli inayoizunguka hukaza, na makohozi huziba nafasi iliyobaki. Dawa ya buluu hulegeza misuli tu, uvimbe haiuondoi. Aondoaye uvimbe ni yule wa kahawia, tena kwa kutumiwa kila siku, na ndiye niliyemwacha. Usiku, hasa kuelekea saa kumi, mwili wenyewe hupunguza zile kemikali zake zinazosaidia mirija kukaa wazi. Ongeza baridi, moshi na vumbi la blanketi, na ugonjwa hupata nafasi yake. Kwa hiyo kuamka usiku kwa kikohozi au kubanwa si jambo dogo. Ni habari kwamba pumu imetoka mkononi mwako. Kadhalika ukihitaji kichupa cha buluu zaidi ya mara mbili kwa juma, hapana budi urudi kwa tabibu.

Nikamwuliza juu ya ile filimbi iliyonyamaza. Akasema, "Huo ndio wakati wa hatari kuu. Filimbi hunyamaza kwa sababu hewa haipiti tena." Jambo hili mpaka leo nikilikumbuka mwili hunisisimka.

Kisha akachukua chupa ya plastiki ya maji, ya nusu lita, akatoboa kitako chake tundu la kuenea mdomo wa kichupa cha dawa, akaziba kandokando kwa plasta. Dawa hupulizwa ndani ya chupa, nawe huvuta taratibu kwa mdomo wa chupa, hivyo haipotei kooni. Nami nilidhani ni kazi ya umaskini, kumbe madaktari wa Afrika Kusini waliipima chupa hiyo kwa watoto wenye pumu, na mwaka 1999 wakatangaza kuwa ikizibwa vizuri yafanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Wenzangu, mkimwona mtu amebanwa, msimlaze; mketisheni wima, mfungue vifungo vya shati, msimzunguke wote. Mpeni dawa ya buluu, mpulizo mmoja mmoja hadi minne, akivuta pumzi kadhaa kila mpulizo. Ngojeni dakika nne, mrudie. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, msingoje asubuhi.

Ama mbio, sikuziacha. Mwalimu wa michezo aliponisikia alinieleza habari za Paula Radcliffe wa Uingereza, mwenye pumu tangu ujana, ambaye mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi iliyokaa mpaka Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja mwaka 2019. Basi navuta dawa kabla ya mazoezi, kisha nakimbia, na viatu vya wenzangu wanavitunza wenyewe.

Likizo iliyofuata nilimsimulia bibi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Pale Gangilonga hata jiwe husema, wewe una mdomo na ulinyamaza?" Maana Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji wetu wa Iringa, kwa Kihehe ni jiwe linenalo. Sikuwa na la kumjibu. Mama naye hakunikemea. Aliuliza tu bei ya kile kichupa cha kahawia, akaiandika katika daftari lake pamoja na bei ya sabuni na madaftari.

Rafiki yangu nilimnunulia soda, nikamwambia kuwa deni langu kwake halilipiki kwa soda. Sanduku langu lina kufuli jipya. Vichupa havimo tena ndani yake. Vi katika mfuko uliotundikwa kichwani pa kitanda changu pamoja na ile chupa ya plastiki, na bweni zima lajua vilipo.