Bei ya Sikukuu: Choyo au Biashara?

Siku moja kabla ya Noeli mwanangu alinionyesha picha za Marekani za miaka iliyopita: watu wengi wanasukumana usiku mlangoni pa duka. Akaniuliza: «Baba, watu hawa wana njaa?» Nilicheka, lakini swali lile likanikaa moyoni, maana mimi nami niliuza vitambaa sokoni miaka mingi.

Wamarekani wana sikukuu ya kumshukuru Mungu, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Kesho yake, Ijumaa, maduka hupunguza bei, na watu huanza kununua vitu vya Noeli. Siku hiyo huitwa Ijumaa Nyeusi. Polisi wa mji wa Philadelphia ndio waliolieneza jina hilo katika miaka ya 1950 na 1960, kwa kuchoshwa na msongamano wa watu na magari. Tena mwaka 1939 Rais Roosevelt aliitanguliza sikukuu yenyewe kwa juma moja, ili siku za kununua ziongezeke, kama wenye maduka walivyotaka. Watu wengi walinung'unika, na mwaka 1941 sheria ikaiweka siku yake ya leo.

Je, kupunguza bei ni choyo? Hapana. Mali inayolala ghalani hula fedha ya mwenyewe. Afadhali auze kwa faida ndogo, apate fedha ya kununua mali mpya. Pengine huuza vitu vichache kwa hasara, ili wanaovifuata wanunue na vingine. Hiyo ni akili ya biashara, na maskini naye hupata nguo kwa bei anayoiweza.

Lakini tazameni mwaka 2008. Katika duka moja huko Valley Stream, karibu na New York, watu kama 2.000 walingoja tangu usiku. Alfajiri walivunja mlango, wakamkanyaga mfanyakazi mmoja hata akafa. Wahenga walisema: Tamaa mbele, mauti nyuma. Siku ile tamaa ilikuwa ya wengine, mauti yakawa yake.

Nami niwaungamie jambo. Mwaka mmoja, Noeli ilipokaribia, niliandika juu ya vitambaa vyangu bei kubwa ambayo sikuwahi kuidai, kisha nikaikata kwa mstari na kuandika chini yake bei yangu ya siku zote. Mama mmoja akafurahi, akanunua vipande vitatu. Mwezi wa Januari alirudi kuniomba nivitwae tena, kwa maana alikuwa ametoa fedha ya shule ya mtoto. Nilikataa. Nilimwambia: «Mama, biashara ni biashara.» Maneno yale yananiuma hata leo.

Basi, mwanangu, hili ndilo jibu langu. Bei ndogo ya kweli ni biashara. Choyo huanza pale muuzaji anaposema uongo, na pale mnunuzi anapoiona bei asimwone mwenzake. Kabla ya kununua, jiulize: Jana, kabla sijaiona bei hii, nilikihitaji kitu hiki? Na wewe unayeuza, jiulize: Mama huyu akirudi mwezi wa Januari, nitaweza kumtazama usoni?