Tulipofumbua Macho
Mtoto wetu alipofikisha mwaka mmoja na nusu alikataa uji wa uwele, akatema mlenda, akataka chai tu. Sisi Wagogo tumelelewa na habari za Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Kuona chakula kikitemwa kulituuma. Kila jioni tuliomba, tukasema Amina, kisha mmoja alimshika mikono, mwingine akamlisha kwa nguvu.

Jioni moja tulifumbua macho baada ya sala, tukamkuta ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kumbe kwake sala ilikuwa onyo. Tuliona aibu mbele za Mungu.

Sasa tunaomba, tunakula, naye tunamwekea tonge sahanini mwake, hatumshiki. Uzito kwenye kadi ya kliniki bado haujapanda. Jana alichovya kidole kwenye mlenda, akalamba.