Kabla Hujaagiza Kioo

Msamala, Songea

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako na michoro yake mama yako ameniletea, na nimeisoma mara mbili. Unataka kuweka tangi la samaki sebuleni kwenye nyumba unayoijenga hapa Msamala, kila kitu kijiendeshe chenyewe: joto, taa, chakula na kuongeza maji, nawe uwe huko Dodoma ukilitazama kwenye simu. Umeniuliza kwa sababu maisha yangu ya kazi yalikuwa ya pampu za maji. Nitakujibu kama fundi, na pia kama mtoto wa Liuli.

Nianze na Liuli. Tulipokuwa wadogo, mimi na mama yako tuliogelea karibu na jiwe la Pomonda, tukifumbua macho chini ya maji. Samaki wadogo wa bluu na wa njano walijaa mawe yote, kutwa wakikwangua ule utelezi wa kijani. Hatukuwahesabu kuwa mboga. Mboga kwetu ilikuwa dagaa na mbasa. Leo samaki hao wanajulikana duniani kote kwa jina lilelile la watu wa ziwani, mbuna, na tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakisafirishwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Ulaya na Marekani. Wako wanaouzwa huko kwa jina la kisiwa cha Hongi, na wengine kwa jina la Mbamba Bay. Ndiyo maana nilifurahi kuona umechagua mbuna. Umechagua samaki wa kwenu.

Sasa lifikirie ziwa lenyewe. Kina chake kinafika mita 700, na eneo lake linakaribia kilomita za mraba 30,000. Mvua inyeshe usiku kucha au jua liwake wiki nzima, maji ya pale Pomonda yatabadilika kidogo sana. Mbuna wamezoea maji ya namna hiyo: ya uvuguvugu, ya nyuzi 24 hadi 28, yenye madini, na pH iliyo juu ya 7.5. Tangi lako, kwa vipimo ulivyochora, ni mita 2 kwa sentimita 70 kwa sentimita 70. Hizo ni lita 980, karibu tani moja kabla ya kuhesabu kioo na mawe. Kwa sakafu ni mzigo mkubwa, na fundi wako wa ujenzi aujue kabla hajamwaga zege. Ila kwa samaki ni maji machache. Kosa dogo litawafikia wote kwa usiku mmoja.

Nikusimulie jambo. Zamani nilikuwa zamu kwenye kituo kimoja cha pampu. Boya la tangi la juu likanasa, pampu ikasukuma maji mpaka alfajiri, na muda wote taa ya paneli ilikuwa ya kijani. Asubuhi tulikuta ukuta wa jirani umelala chini. Paneli haikuwa na hitilafu yoyote. Ilisoma boya, na boya lilisema tangi halijajaa. Tangu siku ile, mtu akinionyesha mtambo unaojiendesha, swali langu la kwanza ni hili: kile kidude kidogo kinachopima kikikosea, nini kitatokea?

Kwa swali hilo nimepitia mchoro wako. Umeunganisha boya moja kwa moja na simtanki la nje la lita 1,000. Ondoa. Weka pipa dogo la lita 20 ndani, na boya livute humo tu. Likinasa, litamwaga lita 20 na basi. Likiachiwa simtanki zima litalowesha nyumba, na maji ya bomba yenye klorini yakiingia kwa wingi kwa mkupuo yataua samaki.

Umeweka hita moja kubwa ya wati 1,000. Weka mbili za wati 300, kila moja na kidhibiti joto chake, kisha ile kompyuta ndogo uliyoichora isimame juu ya vidhibiti hivyo kama mlinzi wa pili. Rilei, ile swichi inayowasha na kuzima hita, huungua na kubaki imeshikana. Nimezibadilisha nyingi mno. Hita moja ya wati 300 ikigoma kuzima, maji yako hayatapanda hata nyuzi 0.3 kwa saa, na mtu atakuwa na muda wa kuiona. Hita usizikose kabisa, kwa maana baridi ya Juni hapa Msamala unaijua.

Bomba la kurudisha maji litoboe tundu dogo chini kidogo ya usawa wa maji, ili pampu ikizima hewa iingie na maji yasirudi yote kwenye tangi la pili ulilochora chini ya lile la samaki. Halafu zima umeme makusudi, mara tano, usimame ukitazama. Songea tuliingia gridi ya Taifa mwaka 2018, na hali si ile ya jenereta za dizeli, lakini umeme hukatika bado. Betri uliyoichora isiwashe taa. Iwashe pampu ya hewa, kwa sababu samaki wanahitaji oksijeni, na wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, nao wanaihitaji. Bakteria hao wape wiki nne hadi sita za kuzaliana kabla hujajaza samaki.

Mashine ya kulisha siipendi. Chakula hushika unyevu, kikaganda, kisha kikaanguka bonge zima. Mbuna ana utumbo mrefu wa mla majani. Chakula kizito kikizidi, tumbo huvimba naye hufa. Mtu wa kuwalisha akikosekana siku tatu, wasipolishwa kitu watakuwa salama.

Jambo moja nakukataza. Samaki wakikuzidia, usiwamwage Mto Ruhila wala usiwarudishe ziwani. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zilikuwa zimetoweka. Ziwa letu nalo limeguswa: kwenye kisiwa cha Thumbi West, upande wa Malawi, wafanyabiashara wa samaki wa mapambo waliachia mbuna wa sehemu nyingine za ziwa, na wapo mpaka leo. Na ukitaka kuwavua mbuna wako ziwani, kabla ya kuvua hata mmoja, mwone afisa uvuvi wa Wilaya ya Nyasa akueleze vibali.

Limebaki ambalo barua yako haikuligusa. Simu itakuamsha Dodoma saa nane usiku ikuambie joto limefika 31. Ni nani hapa Msamala atakayechomoa hita? Mimi naweza kuja mchana, usiku magoti hayaniruhusu. Mdogo wako yupo na ana akili ya ufundi, lakini hujamwuliza, na jina lake silioni popote kwenye michoro yako. Mwandikie. Mfundishe kila waya, umlipe kila mwezi kama unavyomlipa fundi. Akikataa, ahirisha tangi mpaka utakapohamia.

Usiagize kioo kwanza. Njoo Desemba, twende Liuli sisi watatu, wewe, yeye na mimi. Lete kipimajoto chako tukapime maji ya Pomonda.

Mjomba wako