Mtoto Akishajua Kusoma, Asome Nini?

Nilikuwa mpimaji kabla sijawa mtu wa vitabu. Uwezo, mpango wa kupima usomaji wa watoto, ilipoanza kazi yake Tanzania, Kenya na Uganda, nilijitolea kupita nyumba kwa nyumba vijijini Muheza, mkoani Tanga, nikiwa na karatasi ya jaribio: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Unaketi na mtoto mkekani, mama yake kasimama mlangoni anasikiliza, unamwonyesha kwa kidole pa kuanzia. Wengi walikwama kwenye aya, na hao ndio walioandikwa kwenye ripoti na kusemwa redioni. Walioninyima usingizi ni wale waliofika mwisho wa hadithi wakaniuliza, "Mwalimu, ipo nyingine?" Haikuwepo. Shuleni kitabu cha kiada waligawana watoto kadhaa, na nyumbani hapakuwa na kitabu kabisa.

Upimaji ule ulianzia India. Shirika la Pratham, lililoanza mwaka 1995 kwa kufundisha watoto wa mitaa ya mabanda ya Mumbai, ndilo lililoasisi tathmini ya ASER mwaka 2005, na Uwezo ikafuata nyayo zake. Nikataka kujua wenzetu walifanya nini baada ya kupima. Hapo ndipo nilipoijua Pratham Books.

Mchapishaji huyu asiyetafuta faida aliundwa Bangalore mwaka 2004 na Rohini Nilekani pamoja na wenzake, na shida iliyowasukuma ilikuwa ileile ya Muheza: mtoto kafundishwa kusoma, kisha hana cha kusoma. Vitabu vizuri vya watoto vilikuwepo, ila vingi vilikuwa vya Kiingereza na bei yake ilikuwa ya familia za mjini. Na India si nchi ya lugha moja. Sensa ya 2011 ilihesabu lugha 121 zenye wasemaji 10,000 au zaidi. Mfanyabiashara akipiga hesabu zake, nyingi kati ya hizo hazina soko.

Walianza na bei. Walitoa vitabu vyembamba na kadi za hadithi, yaani karatasi moja ngumu iliyokunjwa, yenye hadithi kamili na picha za rangi, kwa rupia chache tu. Kilichonibadilisha mimi, hata hivyo, ni hatua iliyofuata. Walianza kutoa hadithi zao kwa leseni huria: chukua, tafsiri, chapa, hata uuze ukitaka, mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Tarehe 8 Septemba 2015, Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, wakafungua jukwaa la mtandaoni la StoryWeaver likiwa na hadithi 800 katika lugha 24. Leo lugha zimepita 300. Mashirika kama Room to Read, lililoanzia Nepal na sasa lina vitabu vyake Vietnam, Kambodia, Sri Lanka na hata Tanzania, nayo yakaweka hadithi zao humo.

Mimi nilijua mchapishaji hukua kwa kushinda tenda, kitabu kikapata ithibati, likafunguliwa tawi jipya. Hawa walienea Asia bila kulazimika kufungua ofisi kila mji. Mwalimu wa Kathmandu akihitaji kitabu anakitafsiri mwenyewe, na tangu siku hiyo kitabu kina wasomaji ambao aliyekiandika hakuwahi kuwafikiria.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Odisha, mashariki mwa India. Kule Pratham Books walitoa mfululizo wa Adikahani katika lugha za Kimunda, Kikui, Kisaura na Kijuang. Walioandika ni watu wa jamii zenyewe, na picha zilifuata sanaa ambayo Wasaura huchora kwenye kuta za nyumba zao. Mimi ni Mbondei. Niliviangalia vitabu vile muda mrefu, nikawaza jinsi bibi yangu alivyokuwa hazina ya ngano ambazo hakuna mchapishaji aliyewahi kumuuliza.

Siku hizi natafsiri na kuhariri hadithi za StoryWeaver kwa Kiswahili. Kazi yenyewe ina nidhamu yake: hadithi ya ngazi ya kwanza haitakiwi kuzidi maneno 250, na kila sentensi lazima imfae mtoto anayesoma kwa kuunganisha silabi. Tukimaliza tunachapa steshenari kwa rangi nyeusi, tunabana kwa stepla na kuweka jalada la manila. Watoto hawaoni ugeni mkubwa. Msichana mmoja alimtazama mwanamke aliyevaa sari pichani, akamwambia mwenzake kuwa huyu bibi amejifunga khanga moja ndefu sana, akaendelea kusoma.

Wanaosema kitabu huria hakina gharama wanakosea. Mwandishi na mchoraji lazima walipwe kabla, na fedha hizo mara nyingi hutoka kwa wafadhili, ambao huondoka. Pia zipo tafsiri za Kiswahili zilizofanywa kwa haraka, ngeli zimevurugika, na mtoto anayejifunza lugha hana namna ya kujua kuwa kitabu ndicho kilichokosea. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Kiswahili waingie kwenye kazi hii kwa wingi. Mhariri makini anahitajika zaidi pale ambapo kila mtu anaruhusiwa kutafsiri.

Na njia ina pande mbili. Hadithi za African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliokusanya hadithi kutoka Kenya, Uganda na kwingineko barani, zimo pia StoryWeaver na zinasomwa kwa lugha za India. Ngano za bibi yangu nimeanza kuziandika, kwa Kibondei kwanza, kisha kwa Kiswahili. Natafuta mchoraji wa Tanga.