Ng'ombe Wawili Walioenda Mombasa

Kwetu Mtera ng'ombe akiuzwa kila mtu anajua kwa nini. Ada ya mtoto, mgonjwa, msiba, bati la nyumba, mahari ya kijana. Hizo ni sababu zisizo na mjadala. Agosti iliyopita baba aliuza ng'ombe wawili kwa sababu ambayo haijawahi kusikika pale kijijini: alitaka kumpeleka mama Kenya kutembea. Hakukuwa na mgonjwa wala harusi. Kutembea tu, siku saba.

Simu zilianza kabla hata hela haijatulia mfukoni. Kaka yangu mkubwa alinipigia chuoni. "Wewe ndiye msomi, ongea na mzee. Mkopo wako haujafika asilimia mia, ada yako wanaichangia kwa kuuza samaki, halafu eti wanakwenda kuangalia maji? Maji hapa Mtera yameisha?" Baba mdogo naye alishasema hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba mzee amerogwa.

Nikampigia baba. Hakukasirika. Alisema kwanza ada yangu ya mwaka wa tatu ipo, imetengwa. Kisha akanieleza jambo ambalo miaka yangu yote 22 sikuwahi kulisikia.

Walipooana mwaka 1994, mama alimwomba kitu kimoja: aione bahari. Aliisoma shuleni, kwamba kuna maji ambayo ukisimama huku huoni ng'ambo. Baba akaahidi kuwa siku ng'ombe wakifika kumi, wanakwenda. "Sasa piga hesabu mwenyewe," akaniambia. Walifika kumi, wawili wakageuka bati la nyumba tunayolala. Wakafika tena, kaka akaingia sekondari. Wakafika tena, dada akafanyiwa upasuaji. Mara ya mwisho walikuwa kumi na mmoja, nikachaguliwa kidato cha tano. Wakatoka watatu kwa ajili ya ada, godoro, sanduku na nauli. "Kwa hiyo mama yako ananidai," baba akasema. "Na deni lenyewe mmelila ninyi."

Nilimwambia nitawasindikiza. Nikamuuliza lakini, kama ni bahari, kwa nini asimpeleke Dar es Salaam, ambako ni karibu? Akacheka. "Dar siyo safari. Dar tutashukia Mbagala kwa shemeji, tutapewa habari za misiba, tutachangishwa, tutarudi. Bahari tutaisikia tu." Alitaka mahali ambapo hawana ndugu hata mmoja, ili kwa siku chache wawe watu wawili tu. Watatu, ukinihesabu na mimi.

Kwa wale wanaodhani kwenda nje ya nchi lazima uwe na pasipoti ndefu na akaunti nene: sisi tulichukua hati za dharura za kusafiria Uhamiaji, tukachanja homa ya manjano na kupewa vile vyeti vya njano, basi. Tulipanda basi Nanenane, Dodoma, tukapita Morogoro, Chalinze na Segera, tukaingia Tanga usiku. Bahari tuliinusa tu. Asubuhi na mapema tukashika njia ya Horohoro, ambako pasi hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, ukatokea Lunga Lunga. Pale mama akakabidhiwa fedha zote. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu shilingi ishirini zetu, na mama ameuza samaki kando ya barabara ya Iringa maisha yake yote. Hesabu hiyo haimsumbui. Baba alipoambiwa chai ni hamsini akasema huku maisha ni rahisi. Mama akamjibu, "Hiyo ni elfu moja, baba watoto. Weka kikombe chini."

Tulilala Ukunda, tukaenda ufukwe wa Diani asubuhi. Njiani mama alishangaa mibuyu. "Hii si ya kwetu?" Kweli, mibuyu ilikuwa imesimama kama vile tuko Dodoma, ila nyuma yake kuna mchanga mweupe. Tukatokea ufukweni, na bahari haikuwepo. Yaani ilikuwa mbali huko, mstari wa bluu, na mbele yetu ni miamba, majani na vidimbwi. Baba alitazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayejua mambo, "Huku nako wamefungulia?"

Msomaji ambaye hajafika kwetu hawezi kucheka vizuri hapa. Bwawa la Mtera lilijengwa miaka ya 1970 kwenye mto Ruaha Mkuu ili kutunza maji ya kuendesha mitambo ya umeme. Yakifunguliwa yanazungusha mitambo ya pale pale Mtera, megawati 80, kisha yanateremka hadi Kidatu, megawati 204. Kiangazi tunayaona yakirudi nyuma wiki hadi wiki, mitumbwi inabaki kwenye tope, na tunasubiri mvua za masika yetu ya Desemba ziyarudishe. Kwa baba, maji yakiondoka maana yake kuna mtu ameyafungulia.

Kijana muuza madafu akamwambia, "Mzee wangu, haya yametoka tu. Ngojeni saa tisa." Tukangoja chini ya mti. Na saa tisa yalikuwa yamekuja, yenyewe, hakuna aliyefunga lango popote. Baba alivua viatu. Alimshika mama kifundo cha mkono, kama mtu anayemvusha korongo, wakaingia hadi magotini. Sijawahi kuwaona wazazi wangu wameshikana. Kwetu watu wazima hawafanyi hivyo mbele za watu. Mama akachota maji kiganjani akayaonja, akayatema, akasema, "Kumbe ni kweli." Miaka mingi tangu amalize la saba, ndipo akaamini kitabu.

Niligeuka nikatazama upande wa pili. Nilijiona nimezidi.

Kesho yake tulivuka Likoni kwa feri. Waenda kwa miguu hawalipi, na mama aliniuliza mara mbili ni nani basi anayelipa mafuta. Mombasa tulitembea hasa. Tulipiga picha chini ya zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue, tukala mahamri na mbaazi, tukapotea kwa makusudi katika vichochoro vya Mji wa Kale.

Fort Jesus ndiyo niliyokuwa naisubiri mimi. Ninasomea ualimu wa Historia, kwa hiyo nilianza kujimwaga: Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, mchoraji wake alikuwa Mwitaliano, Waomani waliizingira tangu 1696 mpaka ikaanguka 1698, baadaye Waingereza wakaigeuza gereza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia kijana anayetembeza wageni: "Hiyo miaka miwili na zaidi, waliokuwa humu ndani walikunywa maji gani? Na wanawake na watoto walikuwemo?" Yule kijana akafurahi. Akatuonyesha mahali walipohifadhi maji, akaeleza kwamba wengi hawakuuawa kwa mizinga, walikufa kwa maradhi, na kwamba ndani walikuwemo pia Waswahili waliokuwa upande wa Wareno. Nimefanya mitihani kadhaa kuhusu ngome ile na hakuna aliyewahi kuniuliza walikunywa nini. Swali hilo nimeliandika kwenye daftari langu la mazoezi ya kufundisha.

Malindi tulikwenda na kurudi siku moja kwa matatu, tukipita daraja la Kilifi na mashamba ya mkonge ya Vipingo. Baba aliiona nguzo ya Vasco da Gama akauliza kama hiyo ndiyo yenyewe au tumekosea njia.

Ng'ombe wawili waliuzwa 1,450,000. Tulirudi na 260,000. Mama alitaka kunipa mimi, nikakataa, na alipomwangalia baba, baba naye akatikisa kichwa. Akanunua mbuzi jike wawili, wa kwake. Kaka bado anasema ilikuwa hasara. Ila nimemsikia akimuuliza mama, bila kutaka ionekane anauliza, hayo maji yanaporudi yanapiga kelele?

Wenzangu, tukikaa vibarazani hapa chuoni tunazungumza tutakavyowajengea wazazi nyumba tukipata ajira. Ni vizuri. Lakini nyumba ni jibu letu sisi, na wao hatujawauliza. Kabla yetu walikuwa vijana wawili waliopangiana mambo, na mambo yale wakayaahirisha kila tulipopanda darasa. Likizo hii ukifika nyumbani, baada ya salamu na kabla ya kuomba nauli ya kurudi, waulize: kabla hatujazaliwa, mlitaka kwenda wapi? Halafu nyamaza, usikie.